Marehemu Kapita Langoni

Bi Lango hakupiga kelele.

Najua mlitaka apige. Wiki nzima mmenisimamisha njiani kuniuliza, "Alipoiona ile picha alizimia? Alilia?" Hapana. Alikaa pale pale kwenye kiti chake, kifuniko cha kalamu kikiwa bado mdomoni, akautazama ule mkono.

Wewe uliyelishika gazeti hili kwa mara ya kwanza, sogea, sitakuchelewesha. Kila gari linaloingia katikati ya jiji lile hupita chini ya lango la chuma lenye kamera. Kamera inapiga picha, mashine inasoma namba, na mwenye gari anakatwa tozo ya barabara hapo hapo kwenye akaunti yake. Fedha hizo ndizo zinazoendesha mabasi ya umma. Namba ikiwa na tope au imepinda, mashine inashindwa, na picha inapelekwa kwenye chumba ambamo watu wa nyama na damu huisoma kwa macho. Mmoja wao ni mjane huyu, ambaye madereva wa mtaani kwake wamempachika jina la Bi Lango, na si kwa mapenzi.

Picha iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya pikapu. Tope lilikuwa limeila nusu ya namba. Aliisoma bila taabu yoyote, kwa sababu namba ile alikuwa akiijua kama jina lake.

Ilikuwa namba ya gari la mumewe.

Na mumewe, Fundi Vioo, alikuwa kaburini mwaka wa pili sasa. Gari lenyewe Bi Lango alilishuhudia kwa macho yake likiburutwa kupelekwa kwa wauza vyuma chakavu, limekunjika kama kopo lililokanyagwa.

Hilo peke yake lingetosha kumtoa mtu jasho. Lakini dirishani mwa pikapu ulikuwa umetoka mkono wa dereva, kiganja kimelazwa juu ya paa, vidole vimetanuliwa, kama mtu anayemtuliza mnyama mwoga. Sura haikuonekana, jua lilikuwa limekipiga kioo cha mbele. Mkono ulionekana vizuri. Katika dunia hii Bi Lango alimjua mtu mmoja tu aliyeendesha namna ile, na mkono wake aliushika yeye mwenyewe ukiwa unapoa.

"Umepata nini hapo?"

Alikuwa Msimamizi wa chumba. Mtu mpole huyo. Hakuna mfanyakazi aliyewahi kukaripiwa naye, na sauti yake ni ndogo kiasi kwamba ukitaka kumsikia lazima uinamishe kichwa.

"Bosi, hii namba ni ya mume wangu."

"Mume wako yupi?"

"Nilikuwa naye mmoja tu. Yule aliyekufa."

Msimamizi aliinama kuitazama picha. Bi Lango alingoja ashtuke. Hakushtuka.

"Mashine imechanganya tatu na nane," alisema. "Futa."

"Mashine haikusoma kitu, bosi. Nimesoma mimi."

"Basi macho yamechoka, dada. Chumba hiki kina ugonjwa wake. Mwenzako wa kona ile aliwahi kumwona mama mkwe wake akiendesha trekta."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Bi Lango hakucheka.

"Kanuni inasema namba ya marehemu ikipita langoni, picha inapelekwa polisi."

"Kanuni naijua. Niliiandika mimi."

Akaupitisha mkono juu ya bega la Bi Lango, akabonyeza. Pikapu ikatoweka. Mkono juu ya paa ukatoweka. Kioo kikabaki cheupe.

"Kesho asubuhi pumzika," alisema Msimamizi kwa huruma. "Njoo zamu ya mchana. Ukalale kidogo."

Akaondoka. Bi Lango alibaki akiitazama ile nafasi nyeupe, na kitu fulani kikawa kinamkereketa kama mwiba wa samaki kooni. Tatu na nane. Amesema tatu na nane.

Katika namba ya gari la Fundi Vioo hakukuwa na tatu. Wala nane.

*

Alirudi nyumbani kabla jua halijazama, akamkuta mama mkwe wake ameketi kitandani, uso umeelekea dirishani. Bibi yule haoni. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Lakini masikio yake ni ya kuogopwa. Anajua jirani yupi amenunua viatu vipya.

"Redio imesema wanataka kulipunguza basi la hospitali," bibi alianza, hata salamu hajaipokea. "Eti mfuko wa mabasi una tundu. Mimi kliniki nitakwenda na nini? Nitabebwa mgongoni?"

"Hawajaamua bado, mama."

"Tundu gani hilo, wakati kila siku nasikia madereva wanapita wakiwatukana kwa kukatwa tozo? Hela inaingia, inatokea wapi?"

Bi Lango alivua viatu. Aliweka mkoba, akaanza kupanga vyombo vya chakula.

"Halafu mwanangu amepita tena leo."

"Nani, mama?"

"Mume wako."

Haikuwa mara ya kwanza. Kwa wiki kadhaa bibi amekuwa akilisema jambo hilo, na Bi Lango akimjibu "ndiyo, mama," kama unavyomjibu mzee unayempenda. Leo sahani ilimponyoka mkononi.

"Amepita saa ngapi?"

"Alfajiri, wewe ukishatoka tu. Anapiga honi pale dirishani, anakwenda zake. Haingii ndani. Mlikosana?"

"Honi gani, mama?"

"Una honi ngapi unazozijua? Ile yake. Inaanza kama mbuzi, inamaliza kama bata."

Bi Lango aliketi sakafuni, katikati ya vipande vya sahani.

Honi ile ilikuwa kichekesho cha mtaa mzima. Fundi Vioo alikataa kuibadilisha. Alisema mteja akiisikia anajua kioo chake kimefika. Na siku lori lilipomgonga pale njia panda, honi ilikwama, ikaendelea kulia mpaka watu wakaja kukata waya. Gari la wagonjwa halikuchelewa kufika. Kuondoka ndiko kulikoshindikana. Foleni mbele, foleni nyuma, magari yamejipanga kama matofali, kila moja na mtu mmoja ndani yake. Bi Lango alikaa mle nyuma na mumewe, king'ora kikilia bure, huku paa la hospitali likionekana kabisa juu ya magari. Lilionekana muda wote. Lilikuwa bado linaonekana pale mkono wa mumewe ulipolegea.

Ndiyo maana malango yalipojengwa na kazi zikatangazwa, yeye alikuwa wa kwanza kuomba. Wengine walitafuta mshahara. Yeye alitaka kuyatazama yale magari yakilipia nafasi yaliyoijaza siku ile.

Na ndiyo maana amekosana na mtoto wake wa kwanza. Kijana huyo tunamwita Spana, kwa sababu tangu anatambaa mwanasesere wake alikuwa spana ya baba. Aliposikia kazi ya mama yake alisimama mlangoni akasema, "Baba alikuwa fundi wa kuzunguka na gari. Wewe unakwenda kuwakamua mafundi." Akatoka. Hajakanyaga nyumba ile tena. Watu wanasema yuko gereji fulani upande wa pili wa jiji, anakaza nati za magari ya watu.

"Mama," Bi Lango alisema akiwa bado sakafuni, "kesho asubuhi nipo."

"Vizuri," alisema bibi. "Utamfungulia."

*

Msomaji, kuna kusubiri basi, na kuna kusubiri marehemu.

Bi Lango alisimama nyuma ya mlango amevaa viatu, mkoba begani, mkono kwenye komeo. Mwanga ulikuwa umeanza kuingia chini ya mlango. Bibi alikuwa amejifunga kilemba kizuri, kama mtu anayengoja mgeni. Nje mtaa ulikuwa unaamka: ndoo, kikohozi, ufagio.

Halafu honi ikalia.

Mbuzi. Bata.

Nywele zilimsimama Bi Lango mpaka za mikononi.

"Si nilikwambia?" bibi alisema taratibu. Kisha akapaza sauti kuelekea dirishani, sauti ya kumwita mtoto anayecheza mbali. "Ingia basi, mwanangu! Leo mkeo yupo!"

Bi Lango alivuta komeo, likakwama. Akalivuta tena. Alipotoka nje pikapu ilikuwa tayari imefika mwisho wa kichochoro. Ubavuni ilikuwa na fremu ya mbao ya kubebea vioo, kama ile ya Fundi Vioo. Na kwenye fremu kulikuwa kumefungwa kioo cha kujitazamia, kikubwa, kirefu kama mlango.

Ndani ya kioo kile alijiona mwenyewe. Mwanamke anayekimbia, mdomo wazi, mkoba ukimpigapiga kiunoni. Pikapu ilivyozidi kwenda, yule mwanamke alizidi kuwa mdogo, mpaka kona ikammeza.

Hakusimama. Alikimbia hadi barabara kuu, akaikuta pikapu imeshanasa kwenye foleni, mbali mbele, kioo kinametameta. Kwa miguu asingeifikia. Lakini basi la umma lilikuwa linaingia kituoni, jeupe, refu, lina njia yake peke yake pembeni mwa barabara. Akapanda.

"Tazama wale," alisema mzee mmoja aliyeketi dirishani, akicheka, akiwaonyesha wenye magari. "Wanalipa ili sisi tuwapite!"

"Ngoja wafute hili basi kwanza," alijibu mwanamke wa nyuma yake. "Ndipo utacheka vizuri."

Bi Lango hakuwasikia. Alikuwa ameganda kwenye kioo cha dirisha, akihesabu mapaa ya magari yanayorudi nyuma. Teksi. Lori la magodoro. Gari jeusi lenye mtu mmoja. Gari jekundu lenye mtu mmoja. Basi lilikuwa linateleza tu. Lango la chuma likaonekana mbele, na chini yake, pikapu.

Basi likawa sambamba nayo.

Mkono ulikuwa juu ya paa. Kiganja kimelala, vidole vimetanuliwa. Kamera ya lango ikamulika, na kwa ule mmuliko dereva akainua uso kuangalia juu.

Ulikuwa uso wa Fundi Vioo.

Haukuwa ule wa siku za mwisho. Ulikuwa uso wa siku za uchumba, kabla ya mvi, kabla ya lori, macho yale, ile ndita moja katikati ya nyusi. Bi Lango alifungua kinywa kumwita jina ambalo hakuwa amelitamka kwa muda mrefu.

Dereva akamwona. Akashtuka, akauvuta mkono ndani upesi, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Marehemu hawashtuki namna ile.

"Spana!" alipiga kelele Bi Lango, basi zima likageuka. "Spana, mshenzi wewe! Dereva, nishushe!"

*

Foleni ilimsaidia: alimpata nyuma ya duka la samani, kwenye uchochoro wa kushushia mizigo. Spana alikuwa anafungua kamba za kioo. Alimsikia mama yake akija, hakugeuka. Walitazamana ndani ya kioo, mama na mwana, wamesimama mmoja nyuma ya mwingine.

"Shikamoo, mama."

"Usinishikamoo. Hiyo namba umeitoa wapi?"

"Mama, tafadhali, punguza sauti."

"Ya baba yako! Umeibandika kwenye gari kama stika! Unajua nimeiona wapi? Kazini! Nimeuona mkono wa baba yako, nikajua nimerukwa na akili!"

Spana akaiegemeza fremu, akaketi kwenye bampa. Alikuwa amekonda. Viganja vyake vilikuwa na makovu madogo ya vioo, mapya juu ya ya zamani, na hapo Bi Lango akaelewa kwamba habari za gereji zilikuwa uongo. Mtoto alikuwa ameirithi kazi ya baba yake kimya kimya, kama mtu anayefanya jambo la aibu.

"Tozo yenu inatumaliza, mama," alisema. "Mwenye gari kubwa anaingia mjini asubuhi, analipa, anakwenda kukaa kwenye kiyoyozi mpaka jioni. Mimi naingia, natoka. Kipimo hakikukaa, narudi tena. Kioo kimepasuka, narudi tena. Kila nikipita pale, mashine inanilamba. Nilikuwa nafanyia kazi lango, mpaka nikaifuta akaunti."

"Kuna punguzo kwa mafundi. Unaomba."

"Niliomba. Mpaka leo naangalia simu."

Bi Lango aliweka mkoba chini. Hilo lilikuwa kweli, naye alilijua. "Ndiyo ukaamua kuiba?"

"Kuna jamaa pale kwa vyuma chakavu anauza namba za waliokufa. Mtu akifa akaunti yake inafungwa, kwa hiyo mashine inamkosa wa kumkata. Gari linapita bure. Wako wengi, mama. Ule msururu uliokuwa mbele yangu asubuhi, nusu yake ni maiti."

Bi Lango akakumbuka lile gari jeusi lenye mtu mmoja. Lile jekundu. Kumbe ndilo tundu. Mfuko wa mabasi unaliwa na makaburi, na mama mkwe wake anauliza atakwenda kliniki na nini.

"Na basi la bibi yako linaendeshwa na nini, Spana? Maji? Barabara ile iliyokuwa imeziba siku ile..." Alinyoosha kidole kuelekea barabarani. "Kama kungekuwa na njia ya kupita, baba yako leo angekuwa anakugombeza mwenyewe."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Sikwenda kununua ya baba!" Spana alisema, na mara hii sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Nilikwenda kununua yoyote. Yule jamaa akafungua gunia, akanimwagia chini, akaniambia chagua. Zimejaa, mama, zimekunjikakunjika. Nikawa napekua. Nikaiona ya baba. Iko chini ya nyingine, ina lile tundu alilotoboa yeye mwenyewe skrubu ilipopotea. Ningeiacha pale? Niondoke, aje mtu mwingine aichague?"

Bi Lango aliinama, akaligusa lile tundu kwa kidole.

"Honi nayo ilikuwa humo humo, kwenye rundo. Nikaichukua. Nikawa napita kwa bibi asubuhi. Kuingia nilishindwa. Nilikuwa napiga tu, asikie kuna mtu."

Mama aliketi kwenye bampa karibu na mwanawe. Walikaa hivyo, mabega yamegusana, mbele yao ukuta wa duka na pipa la taka. Hakumkumbatia. Alimshika ule mkono wa kulia, akaugeuza, akayaangalia makovu yake moja moja.

"Bibi yako anadhani baba yako amenuna," alisema mwishoni. "Leo amejifunga kilemba kumngoja."

Spana akafunika uso.

"Sikiliza, baba," alisema Bi Lango, maana ndivyo alivyomwita alipokuwa mdogo na wakati bado walikuwa wanapatana. "Utaing'oa hiyo namba sasa hivi, unipe mimi. Utabandika yako halali. Nitakufungulia akaunti upya leo, na punguzo la mafundi nitalidai mwenyewe, hata kama ni kwa kulala mlangoni mwa mkurugenzi. Safari ulizopita bure utazilipa polepole. Halafu utakwenda kwa bibi yako, uingie ndani kwa miguu yako."

"Na yule jamaa?"

"Kesho nakwenda polisi. Tutakwenda wote."

Spana alichukua bisibisi. Aliing'oa namba ya baba yake taratibu, skrubu moja moja, akaifuta tope kwa mkono wa shati. Kabla hajamkabidhi mama yake alisita.

"Mama, kuna kitu. Wiki iliyopita nilishamwambia yule jamaa nataka kuacha. Alicheka. Akasema si yeye wa kuambiwa, akampigia simu mkubwa wake, akanipa nizungumze naye. Huyo mkubwa ndiye anayewaletea habari za nani kafa na gari gani limebaki. Wenyewe wanamwita Karani wa Makaburi."

"Alisemaje?"

"Hakunitisha. Alizungumza kwa upole sana. Ilibidi niibane simu sikioni ndipo nimsikie."

Bi Lango alijikuta ameinamisha kichwa, vile anavyokiinamisha kazini kila siku.

"Alisema nini, Spana?"

"Aliniuliza namba ya gari langu. Ile halali. Nikamwambia. Akasema, 'Asante, kijana. Tutakutoa kwenye orodha.'"

*

Angeweza kwenda polisi wakati ule ule. Najua ndivyo mnavyosema huko mliko, na mimi nasema hivyo hivyo. Lakini Bi Lango alifikiri kama mtu wa kazi: bila ushahidi ataambiwa macho yamechoka. Alitaka kuingia kwenye mtambo, aone nani anafungua na kufunga akaunti za marehemu, apige picha kwa simu, atoke. Isitoshe zamu yake ilikuwa imefika, na asipofika Msimamizi angejiuliza.

Alimwacha Spana akikaza namba yake mwenyewe. Aliondoka na ile ya mumewe ameizungushia mtandio, ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Chumba kilikuwa kimejaa. Viyoyozi vinanguruma, watu wanabonyeza, mwenzake wa kona ile anamenya chungwa. Mlango wa ofisi ya Msimamizi ulikuwa wazi na kiti chake kitupu. Bi Lango aliusukuma ule mtandio chini ya meza, akawasha mashine yake, akasalimia kulia na kushoto kama kawaida. Hakuna aliyemtazama mara mbili.

Akaanza na la mwanawe. Alijiambia kwamba akaunti ya Spana ikishafunguliwa, jina lake likawa safi, hayo mengine atayakabili kwa moyo mmoja. Aliandika namba halali ya pikapu, herufi kwa herufi. Akabonyeza.

Alitegemea mashine imwambie gari hilo halijasajiliwa langoni. Haikumwambia hivyo.

Akaunti ilikuwepo. Imefunguliwa, na imefungwa.

Jina la mmiliki lilikuwa la mwanawe, lile jina kamili alilompa yeye mwenyewe hospitalini. Picha ya leseni ilikuwa ya mwanawe, anatabasamu upande mmoja. Na chini ya picha, kwa zile herufi nyekundu alizozizoea, mashine ilikuwa imeandika sababu ya kufungwa.

*Mmiliki amefariki.*

Bi Lango alicheka. Ndiyo, alicheka, kicheko kifupi kikavu, mpaka yule wa chungwa akainua kichwa. Amefariki nini? Ametoka kumshika mkono sasa hivi. Mkono ulikuwa na joto. Ni kosa. Yule mshenzi ameshamwandika Spana miongoni mwa wafu ili namba yake nayo iuzwe, basi. Huo ndio ushahidi wenyewe. Alichukua simu aipige picha.

Na hapo ndipo alipoona tarehe ya kifo.

Aliisoma. Akaangalia kalenda ya ukutani. Akaisoma tena, kidole kwenye kioo, chini ya kila tarakimu.

Ilikuwa tarehe ya leo.

Picha akaiacha. Alitafuta jina la Spana, akakosea, akafuta, akalipata, akapiga. Ikaanza kuita. Pokea, baba. Pokea. Ikaita tena. Upande wa pili kukasikika mlio, kama mtu amepokea, na nyuma yake mngurumo wa barabara, upepo, magari mengi.

"Spana! Spana, simama! Shuka kwenye hilo gari!"

Mkono ukapita juu ya bega lake. Ukaichukua simu kutoka sikioni mwake kwa upole kabisa, ukaikata, ukaiweka mezani, kioo kimeelekea chini.

"Usimpigie, dada," alisema Msimamizi, na Bi Lango ilibidi ainamishe kichwa ili amsikie. "Simu na usukani haviendani. Utamsababishia ajali."